Ajali ina kinga, na kinga ina bei yake

Mfanyabiashara anayefika Keko, Dar es Salaam, kununua vitanda vya kupeleka mkoani hupatana bei kwa vitu vinavyoonekana. Atauliza kama mbao ni mninga au ni paini kutoka Mafinga, atagonga ubao asikie kama umekauka, atapapasa vanishi, kisha ataomba apunguziwe. Mwekezaji mdogo anayetaka kutia fedha zake katika karakana naye huuliza mauzo ya mwezi, kodi ya banda na deni la mbao. Sijapata kumsikia hata mmoja akiuliza kama msumeno una kinga. Mimi mwenyewe sikuuliza, na nimesomea biashara chuo kikuu.

Hoja yangu wiki hii ni kwamba kinga ya mashine ni sehemu ya mtaji, sawa na mota na meza yake. Mwenye karakana anayeiondoa ili kazi iende haraka hapunguzi gharama. Anakopa, na mkopo huo hulipwa na mtu ambaye hakuusaini. Nasema hivi nikiwa mmoja wa waliokopa.

Mwaka 2022 kaka yangu alinishirikisha katika karakana yake ya samani. Nilitia Sh milioni 4, akiba yangu ya miaka mitatu. Tulikuwa na mafundi wanne, mashine ya kuranda, na msumeno wa duara uliochongewa meza ya chuma hapa hapa mjini na kufungwa mota iliyokwishatumika. Msumeno ulikuja na kinga ya bati nene iliyofunika meno kwa juu, na nyuma yake kisu cha chuma kinachoingia katika mpasuo wa mbao.

Kwa kuwa nilisomea hesabu, nilianza kuhesabu. Kila Jumamosi nilikwenda na daftari. Niliandika mbao zilizopasuliwa, muda uliotumika na mabaki. Kwa wiki mbili nilipima kazi kinga ikiwapo, fundi wetu mkuu akapasua wastani wa mbao 40 kwa siku. Kwa wiki mbili nyingine tuliiondoa, akapasua 46. Kila ubao wa ziada ulituachia kama Sh 1,000. Kwa siku 25 za kazi hizo ni Sh 150,000 kwa mwezi. Nilimwonyesha kaka, kaka akacheka, akasema elimu yangu imeanza kurudisha ada.

Fundi mkuu, mtu wa makamo anayekaribia umri wa baba yetu, hakucheka. Aliniambia, "Msomi, hiyo bati inachelewesha, ni kweli. Lakini imewekwa na mtu aliyeona damu." Nilimjibu kwa adabu, nikamwambia yeye ni mzoefu na mikono yake inaijua kazi. Kinga ikatundikwa msumarini ukutani. Hiyo ilikuwa Juni 2023.

Wasiokaa karakana hawajui kwamba katika mashine nyingi kinga na kisu cha nyuma hufungwa pamoja, hivyo ukiitoa ya kwanza umekitoa na cha pili. Kazi ya kisu ni kuuzuia mpasuo usijifunge. Mbao mbichi au yenye mshipa hujibana ikipasuliwa, meno ya nyuma yakaidaka na kuirusha kwa fundi kwa nguvu ya mota yote. Mkono uliokuwa ukiisukuma hubaki hauna cha kushika, na mbele yake kuna meno. Ndiyo maana Uingereza, kwenye viwanda vya mbao vya zamani kuliko vyetu, kanuni za mwaka 1922 zilikwishadai kinga juu ya msumeno na kisu nyuma yake. Jambo hili lina miaka zaidi ya 100, wala si mtindo mpya wa wakaguzi.

Umeme uliporudi

Mwishoni mwa mwaka 2023, kama wasomaji wanavyokumbuka, mgawo wa umeme ulikuwa mkali. Tulikuwa na oda ya vitanda vya bweni na mteja alikwishatoa malipo ya awali. Mafundi walikuwa wakilipwa kwa kipande, si kwa siku, kwa hiyo kila saa ya giza ilikuwa imetoka mifukoni mwao.

Siku moja ya Novemba umeme ulikatika fundi akiwa katikati ya ubao. Kipande kilikwama kando ya msumeno. Fundi alingoja kidogo, kisha akapeleka mkono wa kushoto kukitoa. Swichi yetu ilikuwa ile ya kawaida ya kubonyeza, ambayo ikiwa imewashwa hubaki imewashwa hata umeme ukiondoka. Hakuna aliyeizima, maana mashine ilikuwa imelala yenyewe. Umeme ukarudi.

Kidole cha shahada kilikatika kwenye kiungo cha pili. Kidole cha kati kilibaki, lakini kano na mshipa wa fahamu vilikatwa. Kijana wa karakana, kwa nia njema kabisa, alikiokota kidole na kukitia moja kwa moja katika ndoo ya barafu ya muuza juisi. Hospitali ilipofikiwa, kidole kilikuwa kimeungua kwa baridi na kulowa. Daktari alituambia mfupa na nyama vilikuwa vimesagwa na meno ya msumeno, na barafu ikamaliza kilichobaki. Alikitengeneza cha kati, kile cha shahada akafunga kigutu.

Naandika njia iliyo sahihi ili anayesoma aibandike ukutani kwake. Kwanza bana jeraha kwa kitambaa safi na uinue mkono juu kuliko moyo. Pete zivuliwe mapema kabla mkono haujavimba. Kidole kilichokatika kifungwe katika kitambaa safi kilicholoweshwa kidogo, kitiwe katika mfuko wa plastiki usiovuja, mfuko ufungwe, kisha mfuko huo ndio uwekwe katika maji yenye barafu. Kidole chenyewe kisiguse barafu, kisielee majini, kisitiwe mafuta ya taa wala chumvi. Kikitunzwa hivyo kinaweza kungoja hata saa 24. Kikiachwa kwenye joto huwa na kama saa 12.

Kazi ya kurudisha viungo si ndoto. Mwaka 1963 mjini Shanghai, daktari Chen Zhongwei na wenzake walimrudishia mfanyakazi wa kiwandani mkono uliokatwa na mashine. Mwaka 1965 madaktari Komatsu na Tamai wa Nara, Japani, walirudisha kidole gumba kwa kutumia darubini. Lakini kazi hiyo hutaka bingwa, darubini, muda, na kidole kilichofika kikiwa salama. Si kila hospitali ina hayo, na msumeno haukati kama kisu. Unatafuna.

Kupona nako kuna ratiba yake

Sisi watu wa biashara hudhani mgonjwa akitoka hospitali amepona. Nilidhani hivyo. Nilipanga katika daftari kwamba fundi angerudi baada ya wiki tatu.

Kano iliyoshonwa hukaa katika gango kwa muda wa wiki sita hivi, huku vidole vikichezeshwa kidogo kidogo kwa maelekezo ya mtaalamu wa mazoezi. Ukivichezesha kwa nguvu mapema, uzi hukatika na operesheni huanza upya. Usipovichezesha kabisa, kano hugandamana na kovu, kidole kikabaki kigumu kama mti. Kubeba na kushika kwa nguvu husubiri mpaka wiki ya 12 hivi. Mshipa wa fahamu huota taratibu, kama milimita 1 kwa siku. Ukikatika sentimita 7 kutoka ncha ya kidole, zaidi ya siku 70 zitapita kabla ncha haijaanza kuhisi, na hisia yenyewe huenda isirudi yote.

Hakuna riba ya kuharakisha milimita hizo. Ukiongeza mshahara haziongezeki, na ukipunguza mshahara mgonjwa anaharibikiwa. Hilo nililiona kwa macho. Mwezi wa kwanza tulimlipa fundi nusu ya pato lake, tukajiona wakarimu. Wiki ya tano kaka alimkuta karakanani asubuhi, ameliacha gango nyumbani, ameshika ubao unaopita kwenye randa. Kodi ya nyumba ilikuwa imefika na watoto walikuwa wanadaiwa ada. Nilipofika nilimwamkia, "Shikamoo, fundi." Akajibu, "Marahaba, msomi. Nimekuja kuongeza ile nusu."

Bahati njema kano ilikuwa haijakatika. Mtaalamu wa mazoezi aligomba, na alikuwa na haki ya kutugombeza sisi kabla yake. Kuanzia hapo tulimlipa pato kamili kwa miezi mitatu, kwa sharti moja tu kwamba asikose mazoezi. Mwenye karakana asidhani kumlipa majeruhi akiwa nyumbani ni sadaka. Anailinda operesheni aliyokwishailipia.

Kuna mengine yasiyoingia kwenye daftari. Fundi aliniambia kidole kisichokuwapo humwasha usiku. Asubuhi za Julai mkono humuuma kwa baridi ambayo sisi wengine wa Dar es Salaam hatuioni. Aliporudi, kazi aliiweza, ila mota ikiwashwa alikuwa akitoka nje. Tulimpa kwanza kusugua msasa, kisha kupima na kuchora kazi za wateja, kisha kuwafundisha vijana. Ilichukua miezi minane mpaka aliposimama tena mbele ya msumeno, na siku hiyo aliichagua mwenyewe.

Hesabu upya

Sasa turudi kwenye daftari, maana huu ni ukurasa wa fedha. Kwa miezi mitano ya kufanya kazi bila kinga, mbao za ziada zilituletea Sh 750,000. Hiyo ndiyo faida niliyojisifia.

Upande wa pili ni huu. Operesheni, dawa na vitambaa vya kidonda vilikula Sh 1,900,000. Nauli na ada za mazoezi, Sh 340,000. Malipo ya fundi akiwa nje, nusu ya Sh 450,000 kwa mwezi mmoja na pato kamili kwa miezi mitatu, Sh 1,575,000. Mteja wa vitanda vya bweni alichukua fedha zake akaenda kwingine, tukapoteza faida ya Sh 1,100,000. Jumla ni Sh 4,915,000. Tulipoteza zaidi ya mara sita ya tulichopata. Ni zaidi hata ya mtaji niliotia. Na hapo sijahesabu kidole, kwa sababu hakikuwa changu.

Kinga haikuhitaji kununuliwa, ilikuwa ukutani. Swichi inayojizima umeme ukikatika, ambayo haiwaki tena mpaka mtu aibonyeze kwa makusudi, tuliinunua baadaye kwa Sh 120,000. Tungeinunua kabla, umeme ungerudi na msumeno ungebaki umelala.

Kosa la tatu ndilo linalonitia aibu zaidi kama mtu wa hesabu. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ilipitishwa mwaka 2008, na mfuko wake, WCF, ulianza kazi mwaka 2015. Mwajiri wa sekta binafsi Tanzania Bara huchangia nusu asilimia ya mishahara, baada ya kiwango kupunguzwa kutoka asilimia 1 ya mwanzoni. Mishahara ya mafundi wetu wanne ilikuwa Sh 1,800,000 kwa mwezi, hivyo mchango wetu ungekuwa Sh 9,000 kwa mwezi, Sh 108,000 kwa mwaka. Mfuko huo hugharamia matibabu, hulipa fidia ya ulemavu wa muda na wa kudumu, na hutoa huduma za utengamao. Sisi hatukuwa tumejiandikisha, kwa hoja kwamba mafundi wa kipande si waajiriwa. Hoja hiyo ilitufaa mpaka siku ya damu, kisha ikatugeukia.

Wenye karakana watanijibu

Najua majibu, maana nimeyatoa mwenyewe. La kwanza ni kwamba ajali haina kinga. Methali hii tunaitumia kufariji wafiwa na waliopatwa na mabaya, na huko ni mahali pake. Lakini mtu akiitumia kueleza kwa nini bati limetundikwa msumarini, ameigeuza kuwa leseni. Yapo mambo yasiyozuilika. Msumeno uliowaka wenyewe kwa sababu ya swichi ya bei nafuu si mojawapo.

Jibu la pili ni kwamba fundi mzoefu hahitaji kinga. Marekani wana mashine nyingi na mafundi wazoefu wa kila namna, lakini tume ya serikali ya usalama wa bidhaa huko imekadiria kuwa watu takriban 30,000 kwa mwaka hutibiwa hospitali baada ya kuguswa na msumeno wa meza. Huko huko, mwaka 1999, Steve Gass alibuni msumeno unaohisi mwili wa binadamu na kusimama kwa chini ya sehemu tano za elfu ya sekunde. Mashine hiyo ni ghali, nami siwatumi wasomaji wa Keko wala Buguruni kwenda kuitafuta. Nataka tu waone kwamba nchi yenye mafundi wote hao bado haikuutegemea uzoefu peke yake. Uzoefu hupunguza makosa, ila hauondoi uchovu, haraka wala giza.

Jibu la tatu lina uzito: kinga inachelewesha. Ni kweli, daftari langu lilionyesha mbao sita kwa siku. Lakini tulipoirudisha tulifanya na mambo mengine. Tulinoa msumeno kila wiki, kwa sababu meno butu hulazimisha fundi asukume kwa nguvu. Tulishusha msumeno mpaka meno yapite juu ya ubao kidogo tu. Tuliweka kijiti cha kusukumia kwa kila mashine, tukafagia maranda sakafuni mara mbili kwa siku, tukaongeza taa. Tulikataza glavu, mikono mirefu na mikufu mbele ya msumeno, kwani meno yakidaka uzi huvuta na mkono. Baada ya mwezi tulikuwa tukipasua mbao 43, kinga ikiwa mahali pake. Tulikuwa tumelaumu kinga kwa ucheleweshaji ambao nusu yake ilikuwa uvivu wa kunoa.

Kwa anayetaka kutia fedha

Ndugu msomaji, kama unafikiria kushirikiana na karakana, au kutoa malipo ya awali kwa oda kubwa, usiishie kwenye vitabu vya mauzo. Simama mbele ya msumeno. Tazama kama kinga na kisu cha nyuma vipo, na kama bati lina alama za kutumika au lina vumbi la ukutani. Omba mashine iwashwe, kisha umeme ukatwe kwenye swichi kuu na kurudishwa, watu wote wakiwa mbali. Ikiwaka yenyewe, umepata jibu. Uliza namba ya usajili wa OSHA, kwani Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 hudai sehemu ya kazi isajiliwe. Uliza risiti ya mwisho ya mchango wa WCF. Uliza mafundi wanalipwaje, kwa siku au kwa kipande, maana malipo ya kipande yakikutana na mgawo wa umeme huzaa haraka, na haraka hiyo haina baraka.

Mnunuzi naye ana sehemu yake. Mteja wa vitanda vya bweni alitupigia simu mara nne ile asubuhi. Simlaumu, alikuwa na shule inayofunguliwa. Lakini anayebana tarehe ya kupokea mzigo aelewe kwamba siku anazozikata zinatoka mahali fulani.

Karakana ingalipo, na fedha zangu zimo, pungufu. Fundi mkuu sasa ndiye mwenye ufunguo wa mashine, na hakuna anayewasha msumeno bila yeye kuangalia kinga kwanza. Mimi bado naenda Jumamosi na daftari. Safu ya mbao kwa siku ingalimo, na mbele yake nimeongeza safu nyingine, kinga ipo au haipo. Fundi ndiye huijaza, kwa mkono wa kulia.

Wiki ijayo ukurasa huu utarudi kwenye bei za mbao na nondo kama kawaida.